Somo: Kunyanyua pikipiki nzito iliyolala chini bila kuumiza mgongo

Mwangaluka, ndugu zangu waendesha pikipiki.

Wiki iliyopita mwenzetu mmoja alilaza pikipiki yake kubwa akigeuza kwenye mteremko wa Isamilo, hapa Mwanza. Kuanguka hakukumfanya kitu. Aliumia dakika moja baadaye, alipoinama na kuivuta kwa mikono kama mtu anayevuta gunia la mpunga. Hadi leo anainuka kitandani kwa kushika ukuta, na ndiyo maana naandika somo hili.

Boxer ya bodaboda ina takribani kilo 120, kijana mwenye afya anaweza kuinyanyua hata kwa papara. BMW R 1250 GS ina kilo 249 ikiwa na mafuta, kabla hujafunga masanduku wala kupakia abiria. Hiyo mikono peke yake haiiwezi.

Pikipiki hizi huanguka zaidi zinapotambaa au kusimama, kwa sababu mwendo ndio unaozishikilia wima. Kosa ninaloliona kila mara ni hili: mtu anakata kona kali, usukani umekunjwa, halafu anakamata breki ya mbele. Pua inazama, uzito wote unalalia upande wa ndani, goti haliwezi kuuzuia. Ukiwa mwendo wa kutambaa, tumia breki ya mguu, klachi iwe nusu, resi itulie, na macho yatazame unakotaka kutokea. Ukitazama tairi, utaishia hapo hapo kwenye tairi.

Ikishaanza kulala na umeona imekuzidi, iache. Toa mguu, usogee. Leva na indiketa zinauzwa dukani, lakini mguu uliobanwa chini ya ekzosi ya moto utauguza miezi.

Sasa iko chini. Fuata hivi:

1. Zima injini kwa swichi ya mkononi, kisha zima ufunguo. Kama ina koki ya mafuta, funga. Ikiwa ni Barabara ya Kenyatta jioni, mwombe mtu asimame nyuma azuie magari.

2. Subiri. Kaa pembeni dakika mbili, jikague viungo. Watu wengi hukurupuka kwa aibu kwa sababu wapita njia wanatazama, na hapo ndipo misuli inapochanika.

3. Ingiza gia ili tairi la nyuma lisitembee. Gia ikigoma, funga leva ya breki ya mbele kwa mpira wa kufungia mizigo.

4. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi ya pembeni kabla ya kunyanyua. Stendi iko kushoto, hivyo ukiisukuma kupita kiasi itaidaka. Ikiwa imelalia kushoto, stendi utaitoa kwa kisigino ikishasimama.

5. Kunja usukani hadi mwisho kuelekea upande uliolalia. Mshikio wa chini utasogea karibu na tangi.

6. Ipe mgongo. Weka makalio kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye mshikio ule wa chini, mwingine kwenye fremu au keria. Usishike indiketa wala plastiki. Nyoosha mgongo, kunja magoti, kisha sukuma kwa miguu huku ukirudi kinyumenyume hatua fupi fupi. Makalio yasiachane na kiti. Ikikaribia kusimama punguza nguvu, maana watu huilaza upande wa pili hapo hapo.

Kwenye vilima vyetu kuna jambo la ziada. Ikiwa matairi yako juu na kiti kiko upande wa bondeni, usijaribu kuinyanyua. Izungushe kwanza ikiwa imelala, iteleze juu ya bampa mpaka matairi yaelekee bondeni. Ukiwa hivyo, mteremko wenyewe unakusaidia.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mimi napakia kreti za samaki Kirumba Mwaloni. Nifungue mzigo kwanza?
Ndiyo kaka, wote. Na pale chini pana maji ya samaki yanayoteleza, mwaga mchanga mahali utakapokanyaga.

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mfupi, miguu yote miwili haifiki chini.
Marahaba dada. Usitafute kufikisha yote. Sogeza nyonga pembeni ya kiti, shusha mguu wa kushoto ukanyage vizuri, wa kulia ubaki kwenye breki. Kabla hujasimama chagua ardhi: kokoto na mfereji viepuke. Ufukweni stendi huzama kwenye mchanga, kwa hiyo tembea na kibao kidogo cha kuweka chini yake.

Yangu nilipoinyanyua ilinuka petroli na haikuwaka. Imekufa?
Hapana. Mafuta yamemwagika au injini imekunywa kupita kiasi. Iache isimame wima dakika kumi hadi harufu iishe, hakikisha swichi ya mkononi umeirudisha, ndipo uwashe. Kabla ya kuondoka angalia oili, jaribu breki zote mbili, na uone kama usukani unakunjika sawa pande zote.

Leva yangu ya klachi hukatika kila ikianguka.
Mwambie fundi asiikaze mno ile klampu inayoishikilia kwenye usukani. Ikibaki na ulegevu kidogo itazunguka ikigonga chini, badala ya kukatika. Na beba leva ya akiba, hasa ukivuka kwenda Sengerema.