Ukipiga 114, usiseme "kona ya kwa mangi"

Mimi ni mjumbe wa serikali ya mtaa huku Pasua, Moshi, na nina vyumba sita vya kupangisha. Miaka mitatu iliyopita chumba cha pili kutoka getini kilishika moto saa mbili usiku. Mpangaji alikuwa akikaanga maandazi ya biashara, mafuta yakawaka, akayamwagia maji. Usiombe uone. Moto uliruka hadi kwenye pazia, dakika haijaisha uko darini.

Namba ya Zimamoto tuliijua, 114, na kuipiga ni bure. Kilichotuponza ni mdomo wangu. Nilisema, "Njooni Pasua, mkishuka kona ya kwa mangi mnaingia ndani kidogo." Aliyepokea akauliza, "Mangi yupi, mama?" Hapa Moshi kila mwenye duka ni mangi! Na huko "kushuka" kwetu ni kuupa mlima mgongo, jambo ambalo mgeni halijui. Zamani zimamoto walikuwa chini ya halmashauri. Sheria ya 2007 ilipowafanya jeshi la nchi nzima, askari wakawa wanahamishwa kama polisi. Huyo unayeongea naye huenda kaja juzi kutoka Lindi. Gari lilipita kona yetu mara mbili, na kosa ni langu.

Siku hizi kila mpangaji mpya, kabla sijampa ufunguo, namfundisha kupiga simu. Anza na kinachowaka, na kama kuna mtu ndani. Kisha taja mji, kata, mtaa, jina la barabara na namba ya nyumba. Ile namba ipo kwenye vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa 2022 kuelekea sensa, ambavyo wengi tulivichukulia kama pambo. Yangu nimeiandika kwa kalamu nene nyuma ya kila mlango, maana wakati wa moshi hakuna atakayetoka kwenda kusoma ukutani. Kama kwenu hakuna kibao, taja kitu kisichohama: shule, msikiti, kanisa, transfoma. Duka la mangi linaweza kuhama kesho. Usikate simu mpaka wakuambie ukate.

Ukimaliza, tuma bodaboda asimame barabarani kwenye lami, taa zikiwaka, alisubiri gari na kuliongoza. Wengine waondoe magari na pikipiki kwenye kichochoro. Mtu mmoja awe tayari kuwaonyesha askari maji yalipo, iwe bomba la zimamoto la karibu au simtanki la jirani. Watu hupenda kulalamika kwamba gari limekuja bila maji. Mara nyingi lilikuja nayo, ila pampu inayorusha maji kwa nguvu ile humaliza tangi upesi sana.

Kabla hawajafika: mafuta yakiwaka kwenye sufuria, zima jiko na ufunike kwa mfuniko. Usiibebe sufuria kukimbilia nje. Umeme nao haumwagiwi maji. Zima mein swichi kama unaifikia bila kuuvuka moto, kisha TANESCO wapigiwe 180. Ukisikia harufu ya gesi lakini hakuna moto, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini, kwa hiyo pua yako huko juu inaweza kukudanganya. Moto ukishafika darini, acha ushujaa, toka. Aliyeungua mwagie maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno ni ya meno.

Polisi ni 112. Wapigie mapema, kwa sababu moto huita vibaka. Usiku ule televisheni ya chumba cha nne iliokolewa na kijana mwenye huruma nyingi, na mpaka leo anaendelea kuiokoa. Vitu vinavyotolewa virundike sehemu moja, na mtu mmoja mnayemfahamu akae navyo.

Asubuhi yake nenda kituoni ukafungue taarifa, upewe RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha polisi. Iandike mahali pawili. Majeruhi akihitaji PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, yeye apelekwe hospitali kwanza, ndugu mwingine aifuate fomu kituoni. Hiyo fomu haiuzwi. Vitambulisho na vyeti vilivyoungua vinahitaji loss report ya polisi, ambayo siku hizi unaweza kuiomba mtandaoni, na bila hiyo utazungushwa kila ofisi. Mwenye bima aombe pia taarifa ya moto kwa Zimamoto, na asifagie majivu kabla hawajakagua. Mimi nilifagia. Mama wa watu nilitaka pawe pasafi, wakaja kukuta sakafu inang'aa.

Mpangaji yule bado yuko chumba cha pili. Maandazi anakaangia uani, na mfuniko anauweka kulia, mkono unapofika.