Kabla hujagusa bodi ya pawa ya TV soma hii

Jamani mafundi mnaoanza, TV kuchomolewa kwenye soketi haimaanishi haina umeme. Ile kapasita kubwa ya 450V (kifaa kinachohifadhi umeme kwenye bodi) inaweza kubaki na volti 300 na zaidi, inakurusha hata kama plagi umeishika mkononi. Kwahiyo chomoa, weka mita kwenye DC upime miguu yake, ikisoma volti nyingi imwage kwa rezista ya 2.2k wati 10 uliyoishika na koleo lenye mpira, alafu pima TENA mpaka zishuke chini ya 5. Usishoti na bisibisi, ile cheche inachimba miguu na inaweza kuharibu kapasita yenyewe.

Sasa dayagramu, yaani mchoro wa saketi ya bodi. Anzia kwenye transfoma, utaona koili zimetenganishwa na mistari, upande wa umeme wa ukutani ni hot na mwingine ni cold, na alama zao za graundi hazifanani, hapo ndo wengi wanakosea. Ukipima upande wa hot, waya mweusi wa mita unakaa kwenye hasi ya kapasita kubwa, sio kwenye bati la TV, la sivyo namba utakazopata hazina maana.

Alafu fuata laini ya stendibai (umeme unaobaki hata TV ikizimwa kwa rimoti), kwenye TV nyingi ni 5V, kama haipo rudi nyuma mpaka kwenye fyuzi. Imekatika? Usikimbilie kuweka nyingine, pima kwanza daiodi za briji (zinazogeuza AC kuwa DC) na mosfeti (transista inayowasha na kuzima umeme wa transfoma) kama zina shoti, badilisha iliyokufa, ukiwasha pitisha umeme kwenye balbu ya nyuzi ya wati 60 iliyofungwa siriizi, yaani umeme unapita kwenye balbu kwanza ndo ufike kwenye TV. Ikiwaka kwa nguvu bila kufifia, shoti bado ipo, chomoa.