Namna ya Kuwapeleka Wafanyakazi wa Kampuni Kujitolea Katika Jiko la Jamii Jijini Arusha

Kampuni inayotaka wafanyakazi wake wajitolee katika jiko la jamii linalopika chakula cha ziada kutoka sokoni na hotelini inapaswa kuanza kwa mpishi mkuu wa jiko hilo, kabla ya kupanga tarehe, kuchapisha fulana au kumwita mpiga picha. Yeye ndiye anayejua siku anazozidiwa na kazi, na siku ambazo watu wengi wageni watakuwa kizuizi tu kati ya karo na jiko. Muulizeni anahitaji watu wangapi, saa ngapi na kwa kazi gani, kisha mkubali jibu lake hata kama ni watu wanne wa kuosha sufuria siku ya Alhamisi badala ya thelathini wa kupakua chakula Jumamosi. Siku hiyo meneja na mhasibu watapokea maelekezo ya mpishi sawa na kila mtu mwingine, na ni vizuri walielewe hilo wangali ofisini.

Ratiba nzuri hufuata chakula kinavyopatikana. Soko la Tengeru, nje kidogo ya jiji la Arusha, hufanyika Jumatano na Jumamosi, na ikifika jioni wapo wauzaji ambao wangependa kutoa nyanya zilizoiva mno, kabichi au ndizi kuliko kulipia nauli ya kuzirudisha nyumbani. Kwa hiyo kikundi chenye gari kitasaidia zaidi jioni ya siku ya soko, na kikundi cha kuchambua kitasaidia zaidi asubuhi inayofuata. Hoteli nazo huwa na ziada nyingi miezi ya wageni, kuanzia Juni hadi Oktoba, lakini wakati wa masika vyumba hubaki vitupu, na ziada hupungua katika miezi ileile ambayo wapagazi, madereva wa safari na vibarua wengine wa utalii hukosa kazi. Naamini kampuni yenye nia ya kweli itatenga fedha za mchele, maharage na mafuta kwa ajili ya Aprili na Mei, kwa sababu njaa ya masika haitibiwi na ziada ya Agosti.

Usalama wa chakula ndio sehemu inayodai umakini mkubwa kuliko zote, na hapa upole haufai. Kutoka hotelini pokeeni sufuria na trei ambazo hazikufika mbele ya wageni. Kilichokwisha kupakuliwa sahani kiachwe hukohuko. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili: ama kitunzwe kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 60 za Selsiasi, ama kipozwe haraka hadi chini ya nyuzi 5, na kinapopashwa tena kifikie angalau nyuzi 70 hadi katikati ya sufuria. Nunueni kipimajoto cha chakula na mkiachie jiko, maana ni zawadi itakayotumika kila siku. Wali uliolala nje umwagwe bila mjadala, kwa kuwa kuna bakteria ambao mbegu zao hustahimili kuchemshwa, na sumu wanayoitoa wali unapokaa haiondoki hata mkiupasha moto mara ya pili.

Wanaochambua wafundishwe kwanza, tena na mtu wa jikoni. Nyanya yenye sehemu laini inaweza kukatwa ikafaa kwa mchuzi, lakini mkate wenye ukungu utupwe wote, na viazi mviringo vilivyogeuka kijani vitengwe kwa sababu rangi hiyo ni dalili ya sumu isiyoondolewa kwa kuchemsha. Mahindi na karanga vyenye kuvu visipokelewe kamwe, hata vikiletwa na mfadhili mkubwa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hakuna kupepeta, kuosha wala kupika kunakoweza kuifanya nafaka iliyooza iwe salama kwa mtoto.

Kila anayejitolea avae kofia au kilemba na viatu vilivyofunika vidole, avue pete na saa, na anawe mikono kwa sabuni kila anaporudi kutoka chooni au anapogusa nyama mbichi. Mwenye kuhara, kutapika au kidonda kibichi mkononi abaki nyumbani, na kampuni isimfanye aone aibu kwa hilo. Mwulizeni mapema afisa afya wa kata kuhusu upimaji wa afya kwa wanaoshika chakula, kwa sababu wajibu huo haufutwi na neno kujitolea.

Pangeni pia muda wa kutosha. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka karibu na nyuzi 95, hivyo maharage na makande huchelewa kuiva kuliko pwani. Maharage yalowekwe usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, na timu ifike alfajiri ikiwa chakula ni cha mchana. Nyama ya nguruwe isiingie kabisa katika sufuria za jiko linalohudumia watu wa dini zote.

Wakati wa kupakua, wanaofika ni wageni wenu. Wazee waamkiwe shikamoo, akina mama wenye watoto wachanga wapewe pa kukaa, na mtu asiulizwe mbele za watu kwa nini amekuja. Picha za nyuso zisipigwe bila ridhaa, na kwa watoto ni bora zisipigwe kabisa; piga picha matenga ya mboga ukitaka kuwaonyesha wenzako ofisini. Anayetaka kubeba chakula nyumbani apewe chombo chenye mfuniko, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019.

Sufuria zikishasuguliwa na ukoko kuondolewa, pimeni kilo zilizopokelewa na zilizotupwa, mziandike katika daftari la jiko, kisha mkubaliane na mpishi tarehe ya kurudi na mumwachie namba za wafanyakazi wawili atakaoweza kuwapigia siku gari la soko litakapokosekana.