SOMO: Jinsi ya kujifunza baiskeli ya kulalia, someni kabla hamjaniuliza

Wakuu, kila nikiweka picha ya hii baiskeli yangu inboksi inajaa, na swali ni lile lile, "unaondokaje bila kuanguka?" Naandika leo mara moja, wa kesho namwelekeza hapa tu. Naongelea ya matairi mawili, ile unaegemea siti kama uko kwenye kiti cha ufukweni na pedeli ziko mbele kabisa, zimelipita tairi la mbele. Niko Uholanzi, mkoa wa Flevoland, tambarare na upepo mtupu, na huku hizi sio kioja, mzee wa miaka 70 anakupita nayo na salamu juu.

1. Tafuta lami tupu yenye mteremko kidogo sana. Nyasi achana nazo, zinaua mwendo, na bila mwendo hii kitu haisimami.

2. Helmeti, glavu, viatu vya kufunga. Kamba za viatu chomeka ndani.

3. Pima mguu. Mgongo wote uguse siti, kisigino weka kwenye pedeli ikiwa mbali kabisa, mguu unyooke. Kama makalio yanahama ndo ufike, rudisha bomba la mbele, lile linalobeba pedeli, ndani. Kama goti bado limekunja sana, hilo bomba litoe nje, la sivyo magoti yatakulilia. Ukishalisogeza angalia cheni, lazima itakuwa imelegea au imekaza.

4. Gia nyepesi, lakini sio nyepesi kuliko zote. Ile ya mwisho mguu unamaliza duara kabla baiskeli haijashika mwendo.

5. Teleza kwanza. Miguu yote kwenye pedeli, usipige, acha iteremke, shika breki, simama. Rudia mpaka uchoke.

6. Kuondoka, hili mnalolitaka. Shika breki, mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedeli iliyo juu, imeinamia kidogo upande wako. Lala kwenye siti, LALA, usininginie usukani. Tazama mbali, sio pedeli. Achia breki, sukuma mara moja kwa nguvu, na mguu wa chini uupandishe kwenye pedeli hapo hapo usisubiri. Mikono iwe legevu kwa sababu kwenye baiskeli ya kawaida kiuno ndo kinakusaidia kujisawazisha, huku siti imekishika, kazi yote ni ya usukani na unataka visogeo vidogo vidogo, ukikaza mabega itaenda kama mlevi.

7. KUSHUSHA MGUU. Hapa ndo nilipoumia kifundo, kwa hiyo tulizeni akili. Umezoea baiskeli ya kawaida, ukihisi inayumba unatupa mguu chini, sivyo? Huku miguu yako iko MBELE yako. Ukiugusisha chini wakati baiskeli bado inaenda, lami inaushika unyayo, baiskeli inakuja na uzito wako wote, mguu unavutwa chini ya siti kurudi nyuma. Kifundo kinaweza kuvunjika hata kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwa hiyo breki mpaka isimame kabisa, NDO mguu ushuke. Ukiona unaanguka kwa mwendo mdogo acha uanguke, uko karibu na ardhi, utachunika nyonga au kiwiko basi, kifundo kitapona. Na pedeli ikiwa na maji unyayo unateleza na mambo ni yale yale, ndo maana wengi tunatumia viatu vya kubana kwenye pedeli. Ila sio siku ya kwanza! Kwanza ujue kuondoka na kusimama.

8. Kona kali ya taratibu kisigino kinaweza kugusa tairi la mbele. Acha kupiga pedeli mpaka kona iishe.

9. Kilimani huwezi kusimama kwenye pedeli. Gia nyepesi, zungusha haraka haraka. Ukisukuma gia nzito mgongo umeegemea siti, goti linabeba zaidi ya lilivyozoea.

10. Kioo na bendera ndefu kabla hujaingia barabarani. Kugeuka nyuma ni shida, na dereva wa lori hakuoni huko chini.

MASWALI

mtaa_wa_pili: Mkuu ndefu sana sijasoma yote, naomba tu unaondokaje?

Jibu: Namba 6.

mtaa_wa_pili: Si ungeandika tu hapa

Jibu: Nimeandika. Namba 6.

pwani_raha: Shikamoo kaka. Nikinunua ya matairi matatu naruka hizi zote?

Jibu: Marahaba dada. Kujisawazisha unaruka, namba 7 HURUKI, tena kwako ni kali zaidi, maana unakaa chini kabisa na unyayo ukiteleza unaingia chini ya baiskeli wakati yenyewe haianguki, inaendelea tu. Funga miguu kwenye pedeli tangu siku ya kwanza, hata kwa mikanda ya visigino. Na zile zenye mawili mbele moja nyuma, kona ya kasi tairi la ndani linanyanyuka, inamia upande wa ndani.

bingwa_wa_gia: Hizi za wagonjwa wa mgongo, ndo maana kwenye Tour de France hazipo 😂

Jibu: Hazipo kwa sababu zilizuiwa bwana. Mwaka 1933 huko Paris, Francis Faure alipanda moja iliyotengenezwa na Charles Mochet akaenda kilomita 45.055 kwa saa moja, akavunja rekodi ya tangu 1914. Mwaka uliofuata UCI, chama cha baiskeli cha dunia, wakapanga vipimo vipya vya baiskeli ya mashindano, ya kulalia ikabaki nje. Na 2016 Todd Reichert kule Battle Mountain, Nevada, alifika kilomita 144.17 kwa saa akiwa ndani ya iliyofunikwa mwili mzima, bila injini. Mgonjwa huyo.

bingwa_wa_gia: Sawa sawa nimeuliza tu

Jibu: Hukuuliza.

fundi_kisumu: Mi nachomelea yangu kwa fremu mbili kuukuu, swali langu ni cheni, inapita wapi isikate mapaja?

Jibu: Swali zuri hili. Weka kapuli, yaani kigurudumu cha kuongozea cheni, chini ya siti, upande wa juu wa cheni unaobeba nguvu upite hapo, na liwe gumu, la plastiki laini litalika. Upande wa chini unaorudi upitishe kwenye bomba la plastiki, suruali itakushukuru. Ukichomelea hakikisha kapuli limenyooka na mstari wa cheni, likienda upande itakuwa inaruka kila saa. Ukimaliza tuwekee picha.

mama_kilometa: Niko Ujerumani, ninayo tayari, shingo inauma nikifika kilomita 30.

Jibu: Siti imelala sana. Inyanyue kidogo, au tafuta ile ya kuegeshea kichwa. Na miwani unavaa? Jua na mvua vyote vinakuja usoni moja kwa moja.

mama_kilometa: Miwani ninayo, ila mapaja yameungua hadi aibu.

Jibu: Hahaa, paka mafuta ya jua juu ya magoti, pale hakuna anayekumbuka.

fundi_kisumu: Cheni nanunua ngapi sasa?

Jibu: Mbili na nusu mpaka tatu, unaziunganisha. Nunua zote aina moja. Gharama unailipa mara moja, maana inachakaa polepole, kila pini inapita kwenye meno mara chache.