Somo: Fundi cherehani, acha kumwambia mteja "njoo kesho"

Habari zenu wadau. Mimi ni fundi cherehani, nina kibanda Temeke mwaka wa tisa huu, na hili somo nalitoa baada ya kuumbuka. Ramadhani moja nilipokea nguo kama 40 hivi, kila anayekuja namjibu "usijali itakuwa tayari", zimebaki siku mbili Idi sijafika hata nusu, nalala kibandani, na kwenye ile pupa nikakata kitenge cha mama mmoja kwa vipimo vya binti wa watu. Yadi 6 zimekwenda. Nikalipa. Na uvivu sina jamani, saa kumi na moja alfajiri niko macho, shida ni kwamba kazi zote zilikuwa zinakaa kichwani.

Hatua ya 1. Nunua kauntabuku, ukurasa mmoja mteja mmoja. Jina, simu, vipimo, mshono anaoutaka, hela aliyotoa na iliyobaki. Usiandike nyuma ya boksi la uzi. Simu piga nayo picha ya mshono tu, maana chaji inaisha na watoto wanafuta vitu.

Hatua ya 2. Kitambaa kisikae bila kikadi. Kata kipande cha boksi, bana na pini. Changu kinasomeka hivi: "47. Alhamisi. Zipu nyuma, lazi mkononi." Hiyo 47 ni ukurasa wa daftari. Hakitoki mpaka nguo imepigwa pasi.

Hatua ya 3, na hapa ndo penyewe. Wiki nzima andika kila jioni umemaliza nguo ngapi, namaanisha kumaliza kweli, vifungo na pasi juu. Mimi nilikuwa najidanganya nashona 5 kwa siku, kuja kuhesabu ni 3, na siku umeme ulipokatika nilitoa 1, kwahiyo siku sita zote ni nguo 16 na mimi nilikuwa napokea 30, sasa hapo hata ungekesha utafika wapi? Basi nyuma ya daftari nikachora siku, kila siku mistari 3. Mteja akija namtafutia mstari ulio wazi, ikijaa nasogea siku ya mbele, anayeng'ang'ania namuonyesha daftari. Jumamosi naacha mstari mmoja wa marekebisho, sijui kupunguza kiuno, sijui kuongeza urefu, hayo hayaishi.

Hatua ya 4. Kukata ni asubuhi akili ikiwa bado mpya. Za uzi wa rangi moja shona pamoja, usibadilishe uzi kila saa. Pindo na vifungo viweke akiba, umeme ukikatika una cha kufanya.

Hatua ya 5. Idi inawahi kila mwaka kwa siku kama 11, usitegemee tarehe ya mwaka jana. Mimi siku ya 15 ya mfungo nafunga daftari, sipokei tena. Sare za shule nazo Januari zinakuja zote kwa mpigo, jiandae Desemba.

MASWALI

Swali: Fundi, wateja wangu wengi ni ndugu. Shangazi akileta nguo namwambiaje mistari imejaa?
Jibu: Huwezi, atakusema mpaka msibani. Mimi Jumatano nimetenga mstari wa ndugu. Ila shangazi asipande juu ya mtu aliyeshalipa.

Swali: Daftari nimeanza mara tatu, wiki haifiki nimeacha.
Jibu: Lifunge kamba kwenye mguu wa cherehani, sitanii. Na usishike tepu kumpima mtu kabla hujafungua ukurasa.

Swali: Advansi unachukua ngapi?
Jibu: Nusu. Bila advansi simpi mstari, asiyetoa hela hana haraka.

Swali: Kijana wangu kusoma ni tabu, hivyo vikadi atavielewaje?
Jibu: Namba anazijua si ndiyo? Zinatosha. Kazi ya kesho mfungie na uzi mwekundu.

Swali: Na wale wanaoleta kitambaa wakapotea jumla?
Jibu: Hapo na mimi nimekwama. Nina magauni 4 yananing'inia toka mwaka jana, nusu ya hela nilishakula, simu hawapokei. Mwenye mbinu aniambie.