Kabla ya kuweka maktaba za biti 32 kwenye Linux ya biti 64

Kabla hujagusa kibodi, amua kwanza: unataka kuendesha programu ya zamani iliyokwisha kujengwa, au unataka kuijenga mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake? Anayeendesha anahitaji maktaba zenyewe tu, kama libc6 (maktaba ya msingi ya C) ya i386, yaani ya usanifu (aina ya prosesa) wa biti 32. Anayejenga anahitaji pia faili za heda (zinazoieleza kompaila yaliyomo kwenye maktaba) na sehemu za kompaila zinazojua kutoa msimbo wa biti 32. Hapo ndipo vinapoingia vifurushi vyenye majina yanayoishia na -dev, pamoja na gcc-multilib, na g++-multilib kama mradi ni wa C++. Ukiweka vya kuendeshea huku kazi yako ni kujenga, kompaila italalamika kwamba haioni bits/libc-header-start.h, nawe utaanza kusaka kosa kwenye msimbo ambao hauna kosa lolote.

Kama programu unayo tayari, ikague kwa amri ya file. Ikijibu ELF 32-bit na Intel 80386, umepata uhakika. Jina la i386 limetokana na prosesa hiyo ya mwaka 1985. Hapa kuna mtego unaowatesa wengi. Unaandika ./programu, terminali inajibu No such file or directory, ilhali ukipiga ls faili unaiona pale pale. Inayokosekana si programu yako. Ndani yake imetajwa faili nyingine ya kuipakia kwenye kumbukumbu, /lib/ld-linux.so.2, na mfumo wa biti 64 hauna faili hiyo mpaka uweke libc6 ya i386. Nimeona watu wakipakua programu ileile mara tatu, wakidhani imeharibika njiani.

Hakikisha pia mashine yako yenyewe. Amri ya dpkg --print-architecture (dpkg ni meneja wa vifurushi wa Debian na Ubuntu) ikijibu amd64, yaani Intel au AMD ya biti 64, endelea. Ikijibu arm64, yaani ARM ya biti 64, simama kwanza: prosesa hiyo haiwezi kuendesha msimbo wa i386 moja kwa moja, na utahitaji kiigaji kama QEMU. Kwa wanaotumia Linux ndani ya Windows kupitia WSL, toleo la WSL 1 haiendeshi programu za biti 32. WSL 2 inaziendesha.

Kisha uliza kama maktaba unayoitaka bado inatolewa. Tangu toleo la 19.10, Ubuntu hutoa sehemu tu ya vifurushi vya i386, vile vinavyohitajika zaidi na programu za zamani. Fedora iliacha keneli (kiini cha mfumo) ya i686, jina lake la biti 32, kuanzia toleo la 31, ingawa maktaba nyingi za i686 zimebaki kwa ajili ya mashine za biti 64. Debian 13 haina tena kisakinishi cha i386, lakini vifurushi vyake bado vipo kwa matumizi kama haya yetu. Ongeza usanifu kwa dpkg --add-architecture i386, piga apt update, kisha andika apt-cache policy ikifuatiwa na jina la kifurushi na :i386 mwishoni. Kisipoonekana kabisa, au kisipokuwa na toleo la kuwekwa, afadhali ujue sasa kuliko ukiwa katikati ya kazi.

Sasa jambo ninalokusihi usilipite haraka. Kabla ya kuweka chochote, andika apt -s install na majina ya vifurushi vyako. Hiyo -s huigiza tu, haibadilishi kitu. Soma majibu yote, hasa sehemu yenye neno REMOVED, au REMOVING kwenye apt mpya. Katika Debian na Ubuntu, maktaba nyingi za i386 hukaa bega kwa bega na za amd64, kwa kuwa moja iko /usr/lib/i386-linux-gnu na nyingine /usr/lib/x86_64-linux-gnu. Lakini baadhi ya vifurushi vya -dev havikuandaliwa kuishi pamoja: ukiweka cha i386, cha amd64 kinaondolewa, na vinavyokitegemea vinaondoka nacho. Mimi nilikubali bila kusoma siku moja usiku, na asubuhi mashine ikaniwakia bila eneokazi, maandishi matupu kwenye skrini nyeusi. Orodha ilikuwa imeniambia yote.

Chanzo kingine cha mgongano ni tofauti ya matoleo. Kifurushi kinachoruhusiwa kuwekwa kwa aina zote mbili za usanifu hudai matoleo yalingane kabisa. Kama uliwahi kuongeza hifadhi ya vifurushi ya watu wa nje yenye toleo jipya zaidi la amd64 pekee, ya i386 haitakubali kuingia. Rudisha kwanza toleo la mfumo. Na kama kwenye mashine hiyo unajenga programu za ARM kwa kompaila mtambuka, ile inayotoa msimbo wa prosesa nyingine, kumbuka kwamba gcc-multilib hugombana nayo; kuweka moja huondoa nyingine. Hapo tumia gcc-i686-linux-gnu badala yake.

Kwa kazi ya mara moja, mimi singegusa mfumo mkuu hata kidogo. Debootstrap (zana ya kujenga mfumo mdogo wa Debian ndani ya saraka) yenye --arch=i386, au kontena ya i386, inakupa chumba cha peke yake ambacho ukikivunja unakifuta. Kwa mradi utakaoutunza miaka, hasa unaoshughulika na tarehe, zingatia kwamba i386 ya Debian imebaki na saa ya biti 32, ambayo inafika kikomo tarehe 19 Januari 2038.

Andaa njia ya kurudi: hifadhi orodha ya sasa kwa dpkg --get-selections ndani ya faili. Ukitaka kuondoa usanifu wa i386 baadaye, dpkg itakataa mpaka vifurushi vyake vyote viwe vimeondolewa, na orodha hiyo itakuonyesha vipi vilikuja baadaye.

Vyote vikiwa tayari, usianze na mradi mkubwa. Andika programu fupi ya C inayochapisha sizeof(long) na sizeof(void*), yaani ukubwa wake kwa baiti, ijenge kwa gcc -m32, kisha iendeshe. Ukiona 4 na 4, kompaila, heda na maktaba vimeelewana. Ukiona 8, -m32 haikufika kwa kompaila. Mradi mkubwa ukija kukwama wakati wa kuunganisha, kwa maneno skipping incompatible, angalia pkg-config, zana inayoieleza kompaila maktaba ziko wapi: huenda bado inasoma saraka ya amd64. Elekeza PKG_CONFIG_LIBDIR kwenye /usr/lib/i386-linux-gnu/pkgconfig, ongeza /usr/share/pkgconfig, na ujenge tena kuanzia mwanzo, si kwa mabaki ya jaribio la kwanza.