Anza na uso, mikono itafuata

Hapa Mtwara tunabangua korosho kwa mikono, akina mama tisa chini ya mwembe mmoja, na mwenzetu mmoja ni kiziwi. Mwaka mzima wa kwanza nilimpungia tu mkono asubuhi na jioni. Wewe usisubiri mwaka kujifunza lugha ya alama.

Kwanza, achana na neno "bubu". Sema kiziwi. Ndivyo wanavyojiita wenyewe, na chama chao ni Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA. Ulizia viongozi wa chama walio karibu nawe, maana mwalimu mzuri wa lugha hii ni kiziwi mwenyewe. Video za mtandaoni zichague vizuri: alama za Marekani au hata za Kenya si hizi zetu. Tafuta za Lugha ya Alama ya Tanzania.

Ukitaka kumwita, mguse bega taratibu au upunge mkono pale anapopaona. Jua lisiwe mgongoni kwako, uso wako utakuwa giza kwake.

Na huo uso ndio uliochelewa kuniingia akilini. Nilidhani lugha ya alama ni Kiswahili kilichohamia mikononi, neno kwa neno. Siku moja nikamuuliza kama amekula. Alama nilipatia, uso nikauacha umelala. Akanitazama kama nimempa habari asiyoijua. Kisha akaweka kigongo chini, akajifuta masizi kwenye kanga, akanishika uso kwa mikono miwili na kuniinua nyusi kwa vidole gumba vinavyonukia moshi. Nyusi juu: ni swali. Tangu siku hiyo najifunza kila alama pamoja na sura yake.

Herufi za vidole jifunze pia, lakini ni za majina na maneno usiyojua alama yake. Mikindani ina herufi tisa. Ukiitaja hivyo kila mara utachoka wewe na atachoka yeye. Muulize wao wanaionyeshaje. Watu nao wana alama za majina. Yako usijitungie, viziwi watakupa wakishakuzoea. Yangu ni kidole kwenye kovu la nyusi, na niliipokea kwa furaha kubwa.

Mkiwa hospitali usijibu kwa niaba yake. Mimi niliwahi kuulizwa, "Huyu anaumwa nini?" nikajibu, yeye amekaa pale pale anatutazama. Hilo bado linaniuma. Mgeukie, muulize, ndipo useme alichosema.

Tarehe 23 Septemba ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama. Viziwi wakikusanyika, nenda, hata kama unajua salamu tu.

Giza likikukuteni mazungumzoni, washa tochi ya simu, imulike mikono na uso wako, si macho yake. Sisi simu huitundika kwenye tawi la mwembe.